Nani anakula giga zako? Namna ya kuingia mu rutere ya nyumba na kuiongoza

Bandugu, mwisho wa mwezi malalamiko ni yaleyale: "Nilinunua giga 50, siku kumi zimeisha, bale batu ni bezi!" Tunatukana kampuni, tunabadilisha SIM, tunanunua forfe ingine, na mwezi wenye unafuata tunarudilia wimbo uleule. Pengine kampuni iko na kosa, sitaki kuitetea. Lakini mbele ya kuishitaki, kuko ukurasa mumoja mu nyumba yako mwenyewe wenye unaweza kukuonyesha ni telefone gani ziko zinakula, na mara nyingi zimekula kiasi gani. Ukurasa ule uko ndani ya rutere. Watu wengi wenye ninajua hapa Kampemba, hata wenye licence mu mukono, hawajaufungua hata siku moja. Wanajua kode ya Wi-Fi, basi.

Mimi ni mutu wa agronomia, siko mutu wa ordinatere. Lakini mu shamba la kumwagilia tunajua jambo moja: kama haujui vane iko wapi na nani iko na ufunguo wake, maji haiko yako, hata kama pompe ulilipa wewe. Rutere ni vane. Na iko na funguo mbili, haiko moja. Ya kwanza ni kode ya Wi-Fi, ile yenye tunapatia wageni. Ya pili ni kode ya admin, yenye inafungua ukurasa wa kuongoza rutere yenyewe. Mwenye iko na ya kwanza anakula giga zako. Mwenye iko na ya pili anaweza kubadilisha ya kwanza, kukufungia wewe mwenyewe inje, na kutuma nyumba yako yote mahali kwenye haujui. Njo maana nitasema zaidi juu ya ile ya pili, juu njo yenye tunasahau.

Kwanza tusikilizane juu ya kitu chenyewe. Rutere, wengine wanasemaka modemu, wengine boxe, ni ordinatere ndogo. Haina kioo wala klavie, lakini iko na programu yake na kumbukumbu yake. Upande mumoja inazungumza na kampuni, upande wa pili inazungumza na telefone za nyumba. Ku Bel-Air, ku Bongonga, ku Hewa Bora, yenye utakuta mingi ni ile ya kutia SIM ya 4G ndani: unalipa giga, unaweka, inagawa. Kuko pia manyumba yenye fibre. Na tangu mwezi wa 5, 2025, kisha ARPTC kutoa ruhusa, kuko wenye wameweka sahani ya Starlink juu ya manjanja. Zote ziko na namna yake ya kuongozwa, lakini Starlink inaongozwa zaidi kupitia programu yake ya telefone. Kwa hizi zingine, unapita mu navigatere, ile Chrome ao Firefox yenye unatumiaka kila siku.

Geuza rutere, angalia chini yake. Kuko karatasi ndogo yenye kubandikwa. Pale wameandika jina la Wi-Fi, kode ya Wi-Fi, anwani ya ukurasa, na mara nyingi jina na kode ya kuingilia. Anwani ni namba kama 192.168.0.1, ao 192.168.1.1. Rutere nyingi za Huawei za SIM zinatumia 192.168.8.1, na zake za fibre mara nyingi 192.168.100.1. Kama karatasi imefutika, telefone yako inajua: ku Android ingia mu paramètres, Wi-Fi, finya ku jina la Wi-Fi yako, tafuta neno "Passerelle". Ku iPhone wanaandika "Routeur". Ile namba njo anwani.

Watu wanajiulizaka: kama rutere yangu iko 192.168.1.1 na ya jirani iko vilevile, haziwezi kuchanganyikana? Hapana. Mu mwaka wa 1996, wale mainjeniere wa IETF wenye wanapangaka kanuni za intaneti walitenga namba fulani kwa ajili ya ndani ya nyumba tu. Mu intaneti ya inje namba hizo hazitembei. Ni kama namba ya lupango: kuko namba 12 ku avenyi yako na namba 12 ku avenyi ingine, hata mu Katuba, na hakuna mutu anapotea juu kila avenyi inajitegemea. Kwa hiyo anwani ile inafunguka paka kama uko umeunganishwa ku rutere ile. Ukiwa ku kazi mu muji, utaandika weee, hakuna kitu kitafunguka.

Hata ukiwa ku nyumba, mara ya kwanza inawezaka kukataa, na sababu ni zilezile. Kuko wenye wanaandika namba ile mu nafasi ya kutafuta ya Google, halafu wanapata matangazo na ukurasa za watu wengine. Andika juu kabisa, mu mustari wa anwani, na kama navigatere inaendelea kutafuta, anza na http:// mbele ya namba. Kuko wenye wanaandika herufi "l" pahali pa 1, ao "o" pahali pa sifuri. Ni namba tupu na nukta. Lakini sababu yenye inasumbuaka sana ku kwetu ni hii: giga zimeisha, kwa hiyo Wi-Fi iko lakini intaneti hakuna. Telefone ikiona vile, inajirudisha pole pole ku mega za SIM yake, na inatafuta 192.168 ku upande wa kampuni, kwenye haiko. Funga mega za telefone kwanza, funga VPN kama uko nayo, kisha jaribu. Ukurasa wa rutere haukuliki giga. Unafunguka hata bila forfe, hata bila SIM ndani.

Sasa uko ku mulango. Wanakuomba jina na kode. Ku rutere nyingi, zaidi za zamani, jina ni "admin" na kode ni "admin". Unaingia. Na kama wewe umeingia vile, kila mutu mwenye uko umemupatia Wi-Fi anaweza kuingia vilevile: mutoto wa jirani, mugeni wa siku moja, fundi mwenye alikuja kuiweka. Rutere za sasa ziko zinatokaka ku kiwanda kila moja na kode yake, ni muzuri, lakini ile kode iko imebandikwa chini, mu salon, mbele ya wageni.

Kazi ya kwanza, mbele ya kugusa kitu kingine chochote, ni kubadilisha ile kode ya admin. Tafuta "Système", "Administration" ao "Gestion du compte", kisha "Modifier le mot de passe". Weka kitu kirefu, chenye hakifanane na kode ya Wi-Fi. Iandike ku karatasi, iweke pamoja na karatasi za lupango. Banasemaka kode haiandikwe. Mimi ninasema: kode ya rutere uiandike, juu utaitumia mara mbili kwa mwaka na utaisahau. Mwizi mwenye anaingia mu chumba kuiba karatasi zako anatafuta vitu vingine.

Kama unafikiri ninaongeza chumvi juu ya hii admin/admin, kuko historia. Mu mwaka wa 2016 kulitokea programu mubaya yenye kuitwa Mirai. Haikuwa na akili ya ajabu. Ilikuwa na orodha ya karibu majina na kode 60 za kiwanda, kama admin na admin, na ilikuwa inatembea mu intaneti yote ikijaribu ku kila kamera na kila rutere yenye inaitikia. Zenye zilifunguka ziliingizwa mu jeshi lake, na wenyewe hawakujua kitu. Tarehe 21 mwezi wa 10 mwaka ule, jeshi lile lilipiga kampuni Dyn ya Marekani, na Twitter na Netflix zikaanguka kwa watu wengi. Mu siku zilezile Muingereza mumoja, Daniel Kaye, alilitumia kupiga Lonestar, kampuni ya telefone ya Liberia, juu mutu wa kampuni shindani alikuwa anamulipa. Mu mwezi wa 11 rutere karibu 900.000 za wateja wa Deutsche Telekom, mu Ujerumani, zikavurugika, juu mulango wao wa kuongozwa kutoka mbali ulikuwa wazi ku upande wa intaneti. Kaye alihukumiwa kifungo mu Uingereza mwezi wa 1, 2019. Liberia ni Afrika, bandugu. Na rutere ya mutu wa kawaida njo ilikuwa silaha.

Kwa hiyo, ukiwa bado mu ukurasa ule, tafuta maneno "Gestion à distance" ao "Remote management" na ufunge. Wewe utaongoza rutere ukiwa mu nyumba tu. Hauna lazima ya kuiongoza ukiwa Likasi.

Kuko nafasi ingine yenye mubaya anapendaka kugusa: DNS. DNS ni kama kitabu cha majina. Unaandika jina la banki ao jina la ukurasa wa kuomba kazi, na DNS inajibu: ile iko ku namba fulani. Kama mutu amebadilisha kitabu, unaandika jina la kweli na unafika ku nyumba ya uongo yenye rangi zilezile. Hii ilifanyika kwa ukubwa: programu DNSChanger ilishika ordinatere zaidi ya milioni 4 mu inchi zaidi ya 100, na ilikuwa inajaribu pia kode za kiwanda za rutere ili ibadilishe DNS ya nyumba nzima. Mu mwezi wa 11, 2011, FBI ilitangaza kushikwa kwa wenye kuiendesha. Seva zao hazikuzimwa palepale, juu watu wengi sana wangebaki bila intaneti. Zilizimwa paka tarehe 9 mwezi wa 7, 2012. Angalia mu rutere yako: DNS inapaswa kuwa "automatique", ile ya kampuni, ao ile yenye uliweka mwenyewe, kama 8.8.8.8 ya Google ao 1.1.1.1 ya Cloudflare. Ukikuta namba yenye haujui na hakuna mutu wa nyumba aliiweka, iondoe na ubadilishe kode ya admin palepale. Na wakati navigatere inakuambia "votre connexion n'est pas privée" ku ukurasa wa banki, usifinye "continuer". Ile ni alama kwamba nyumba yenye umefika haina ufunguo wa kweli. Feza za telefone zenye unatuma kwa kupiga nyota na diyezi hazipitaka mu Wi-Fi, kwa hiyo hazihusike hapa; lakini programu za banki na imeili yako zinapita.

Tukuje sasa ku giga, juu njo kidonda.

Tafuta "Appareils connectés" ao "Clients". Utaona orodha. Zingine ziko na jina lenye kueleweka, zingine ni alama tu kama 3C:5A na kuendelea. Namna nyepesi ya kuzijua: zima Wi-Fi ya telefone zote za nyumba, moja moja, na uangalie ni gani inapotea. Zenye zinabaki kisha zako zote kuzimwa ni za wengine. Fanya hiyo kazi usiku, saa tatu ao saa ine, wakati watu wako ku nyumba; ukifanya saa sita ya muchana, majirani wako ku soko na utasema mambo iko sawa. Rutere za SIM ziko mara nyingi na "Statistiques" ao "Trafic" yenye inahesabu giga za mwezi. Linganisha ile hesabu na ile yenye kampuni inakuambia. Kama rutere inasema 48 na kampuni inasema 50, usiende kugombana ku ajanse: watu wa lupango njo walikula. Kama rutere inasema 20 na kampuni inasema 50, hapo uko na kitu cha kupeleka, na upige picha ya ukurasa.

Mbele ya kushuku jirani, fanya hesabu ya watu wako mwenyewe. Netflix yenyewe inasema filme ya HD inaweza kula hadi giga 3 kwa saa, na ya kawaida kama giga 1. Vijana wawili, kila mutu na kioo chake, saa mbili kila usiku mu HD: giga 12 kwa siku. Giga 50 zinaisha siku ya tano. Hakuna mwizi pale, ni bamuloko wako tu.

Na kuko jambo lenye watu wengi hawajue. Telefone inafikiri Wi-Fi ni ya bure. Ikiwa ku mega za SIM inajizuiya, lakini ikiona tu Wi-Fi inasema: sasa tunaweza. Inafanya mise à jour za programu zote, inapandisha mapicha ku Google Photos, WhatsApp inapokea mavideo ya makundi yote ya familia. Mu inchi zenye Wi-Fi ni fibre isiyo na mwisho, ile ni akili. Ku kwetu, kwenye Wi-Fi inatoka ku SIM ya giga 50, ni hasara. Dawa haiko mu rutere, iko mu kila telefone: ku Android, mu paramètres za Wi-Fi ile, kuko nafasi ya kusema kwamba ni réseau ya kulipia, ku iPhone ni "Mode données réduites", ku Windows ni "Connexion limitée". Mu nyumba yenye ordinatere ya Windows, ile moja tu inaweza kuokoa giga nyingi, juu mise à jour zake ni nzito kama gunia ya mahindi.

Kisha jirani. Mu lupango moja mu Bongonga unaweza kukuta familia tatu, mwenye lupango mbele na balokatere ku nyuma, na rutere moja yenye inalipiwa na mutu mumoja. Muloko wa jirani anakuja: "Yaya, unipatie kode, ni ya message tu." Unakataa namna gani? Ni mutoto wa mama mwenye alikuuguza. Unapatia. Kesho darasa yake yote iko nayo, na hakufanya ubaya: tangu Android 10, telefone inaweza kutoa kode ya Wi-Fi kama picha ya QR, na kode yenyewe iko imeandikwa wazi chini ya picha. Kupatia mutu mumoja ni kupatia avenyi.

Wengine wanajibu kwa kufunga telefone ile mu orodha, kwa "Filtrage MAC". MAC ni ile alama ya 3C:5A. Haisaidie sana. Tangu Android 10 na iOS 14, telefone inaweza kuonyesha alama ya kubuni pahali pa ile ya kweli, na mutu anaigeuza kwa kufinya mara moja. Wengine wanaficha jina la Wi-Fi. Ile pia ni bure, juu kuko programu za kuona majina yenye kufichwa, na utajisumbua wewe mwenyewe kila mara unaleta telefone mupya. Kuko mutu hapa kwetu mwenye aliita Wi-Fi yake "Police" ili watu waogope. Walicheka, halafu wakaomba kode.

Chenye kinafanya kazi ni "Réseau invité". Rutere nyingi ziko nayo: inafungua Wi-Fi ya pili, na jina lake na kode yake, na wenye wako mule hawaone ordinatere na emprimante zako, mara nyingi hata ukurasa wa admin hawaufikie. Wewe na watu wa nyumba munabaki ku ya kwanza, na kode ile haitoke inje hata kwa shemeji. Ya pili njo ya lupango. Na hapa ninatoa mawazo yangu, mutu anaweza kukataa: museme wazi na balokatere, kila nyumba itoe falanga zake, na kode ya invité ibadilike kila siku ya kununua forfe. Mwenye ametoa anapata kode mupya. Mwenye hakutoa hatukanwi, hafungiwi, kode yake tu imezeeka. Niliona ile ikituliza magomvi kuliko kusema "Wi-Fi imeharibika" kila jioni, juu ule uongo kila mutu anaujua. Rutere zingine zinaruhusu pia kuweka saa, kwa mufano kufunga invité toka saa tano ya usiku, na kupunguza mwendo wake ili filme ya HD isipite. Kama yako iko nayo, tumia.

Kwa usalama wa Wi-Fi yenyewe, chagua WPA2 ao WPA3. Ukikuta imeandikwa WEP, badilisha leo. Ile ilivunjwa tangu mwaka wa 2001. Kode ya WPA2 inaanza ku herufi 8 na inaweza kufika 63; weka sentensi ya maneno mane yenye haiko namba ya telefone yako, juu namba yako kila mutu iko nayo. Na ufunge WPS, ile ya kuunganisha kwa PIN ya tarakimu 8. Mu mwezi wa 12, 2011, Stefan Viehböck alionyesha kwamba rutere inachunguza PIN ile kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya hesabu tu. Kwa hiyo pahali pa kujaribu milioni 100, mwizi anajaribu 11.000. Masaa machache, akiwa amekaa upande wa pili wa ukuta.

Ukibadilisha kode ya Wi-Fi, telefone yenye uko unatumia itakatika palepale. Usiogope, haujaharibu kitu. Ingia tena na kode mupya.

Neno juu ya umeme, juu tuko Lubumbashi. Angalia ku adaptere ya rutere: imeandikwa kwa mufano 12V 1A. Volti zinapaswa kuwa sawasawa. Ampere zinaweza kuzidi, hazipaswi kupunguka. Wengi wanafunga rutere moja kwa moja ku batri ya sola ya volti 12 wakati SNEL imekata. Batri ile, ikiwa inapokea jua, inaweza kupita volti 14, na rutere zingine zinakufa pole pole bila mutu kujua sababu. Weka regulatere katikati, ao nunua ile batri ndogo ya rutere. Na mise à jour ya programu ya rutere, yenye ni muzuri kufanya juu inaziba matundu, usiifanye saa ya delestaji. Umeme ukikatika katikati ya mise à jour, rutere inaweza kubaki tofali.

Tundu ndogo yenye wameandika "Reset" ni ya siku umesahau kode ya admin. Unatia shindano, unafinya kama sekunde kumi, rutere inarudi kama ilitoka ku kiwanda. Ku rutere ya SIM hakuna matata makubwa. Lakini ku rutere ya fibre, mara nyingi kampuni iliandika ndani jina na kode zake za kuunganisha. Ukifuta, unabaki bila intaneti mupaka fundi wao arudi. Piga picha ya kila ukurasa mbele ya kubadilisha kitu. Na usishangae kama kampuni iko na kode yake ya juu yenye wewe hauna; ku boxe za kukodisha njo desturi.

Kuko mambo yenye ukurasa huu hautaweza. Kama antena ya kartie imejaa watu saa mbili za usiku, hautaiondolea watu. Kisha uchaguzi wa mwezi wa 12, 2018, intaneti ilikatwa mu inchi yote karibu majuma matatu, na hakuna paramètre ya nyumba yenye ingeirudisha. Lakini mwendo wa ndani unaweza kuutengeneza kidogo: weka rutere juu, katikati ya nyumba, mbali na frigo na manjanja, ukiwa karibu tumia 5 GHz, ukiwa mbali 2,4, na ku 2,4, chagua kanali 1, 6 ao 11, yenye majirani hawajajaza.

Na kama wewe njo mwenye umekuta rutere ya jirani iko admin/admin, usiingie. Sheria ya mambo ya numerike ya tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, inaazibu kuingia mu mashini ya mutu bila ruhusa, hata kama mulango ulikuwa wazi. Piga hodi, umuambie.

Siku utauza rutere yako ao utaipatia muloko mwenye anaenda kuanza maisha, toa SIM, na ufinye Reset mbele ya kuitoa mu mukono. Ndani mule munabaki jina la Wi-Fi yako, kode yako, na ku zile za SIM, hata message zenye kampuni ilikutumia.